Sura ya Saba: Mgeni wa Siku ya Tatu

Kilima cha Mbuya kimekaa mashariki ya Kampala, katika eneo la Nakawa. Mwenyeji atakutajia kwanza kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Afrika, kisha kambi ya jeshi. Mimi naanzia kwenye kambi. Kampala ni mji wa Kiluganda, sokoni na ibadani, lakini karibu na lango la kambi sikio hupokea lugha nyingine. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu enzi ya Waingereza, na raia wengi wa mji huu walikisikia mara ya kwanza kinywani mwa mtu aliyevaa sare na kushika bunduki. Ndiyo maana wapo ambao hadi leo hawakipendi.

Tangu 30 Novemba 2021 askari wa Uganda wamekuwa wakivuka mpaka wa magharibi na kuingia Kongo, wakiwafuata waasi wa ADF katika misitu ya Kivu Kaskazini na Ituri. Askari huenda kwa amri na hurudi kwa amri. Anayeondoka anajua kwamba zamu yake itakwisha, na kwamba nyumbani wanamngoja.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, mtu mwingine aliyewahi kuwa askari alitoka Buganda akashika njia hiyo hiyo ya magharibi. Alipita Toro chini ya milima ya Rwenzori, akavuka bonde la mto Semliki, akafika Mboga, ambayo leo huandikwa Boga, katika mkoa wa Ituri. Hakubeba bunduki, wala hakuhesabu zamu. Aliondoka huko mara kadhaa kwa kuitwa au kwa kulazimishwa, na kila mara akarudi, mpaka ardhi ya Mboga ikampokea moja kwa moja. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, kasisi wa Kanisa la Anglikana la Uganda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchi ile ya kando ya Semliki ilipitiwa na wageni wengi wa siku mbili. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1889 akimtoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan. Kapteni Frederick Lugard alipita mwaka 1891 akitafuta askari. Wakaja wapima mipaka na vyombo vyao. Kila mmoja aliacha alama yake akaenda zake. Sura hii ni ya mgeni aliyeifikia siku ya tatu akalipokea jembe.

Kijana wa wasomaji

Alizaliwa karibu na mwaka 1864 huko Kiwanda, katika Ssingo, Buganda. Alipewa jina la Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kutoka tumboni. Wa pili huitwa Kato. Ssingo ilikuwa mbali kidogo na ikulu ya Kabaka, ila habari za ikulu zilifika kote, na habari kubwa ya wakati ule ilikuwa vitabu.

Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikuwa wametangulia, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa amejifunza kwao kusoma na kufunga Ramadhani. Mwezi Juni 1877 wakaja wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, watu wa Church Missionary Society, yaani CMS. Novemba 1878 akafika Alexander Mackay, fundi wa mashine kutoka Scotland, na mwaka 1879 wakafuata Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki. Walimu hawa walikuta kwamba Kiluganda bado hakijaandikwa vitabu. Kiswahili ndicho kilichowaokoa. Walikuwa na tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na Waganda wa mwanzo walioisoma Injili waliisoma kwa lugha ya pwani kabla ya kuipata kwa lugha ya mama. Msomaji wa Kiswahili akumbuke jambo hili, maana litarudi mwishoni mwa sura kwa njia asiyoitarajia.

Kule kusoma ndiko kulikowapa jina. Waganda hawakusema fulani ameingia dini, walisema anasoma. Wafuasi wa Isa na wafuasi wa Mtume wote waliitwa wasomaji. Kijana Waswa alisoma upande wa Uislamu kwanza. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo aliwahi kukaa karibu na mganga wa jadi, akauona udanganyifu, akaondoka na shaka moyoni. Baadaye akamsikia Mackay akifundisha, na neno lile likabaki naye hata alipokuwa bado upande mwingine.

Miaka iliyofuata kusoma kuligeuka kuwa hatari. Tarehe 31 Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, vijana watatu Wakristo waliuawa Busega. Tarehe 3 Juni 1886 wengine wengi walichomwa moto Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Mwaka 1888 wasomaji wa dini zote waliungana wakamwondoa Mwanga, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Waislamu waliwashinda Wakristo, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Waswa alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa ameonja dini mbili, vita na ukimbizi.

Lugard alipofika Mengo, makao ya Kabaka, mwezi Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, Waganda wengi waliingia katika jeshi lake, na Waswa naye akatumika humo. Mwaka 1891 Lugard alikwenda magharibi, akamrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro, kisha akasonga hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa nyuma baada ya kuondoka kwa Emin Pasha. Askari hao ndio msingi wa jeshi la kikoloni la Uganda, na wajukuu wao ndio Wanubi wa leo. Kwa hiyo kambi za Kampala, pamoja na lugha yao, zina mzizi wake mmoja nyuma ya Semliki, jirani na nchi ambayo Waswa alikuja kuifanya yake.

Koti juu ya kanzu

Alibatizwa Januari 1895 akachukua jina la Apolo, yule Myahudi wa Alexandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume kuwa hodari wa maneno. Jina la pili alipewa na watu. Alikuwa na koti la kijeshi lililoshonwa Ulaya, akalivaa pamoja na kanzu yake. Waganda huita Ulaya Bulaya, nao wakamwita Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Nimelifikiria jina hilo mara nyingi. Ni jina la utani wa mtaani, ila limebeba swali zito ambalo kila mwalimu wa Kiafrika wa zama zile aliulizwa: wewe ni wetu au ni wao? Apolo hakulikataa. Alikwenda nalo Toro, Mboga na msituni, na leo limeandikwa kwenye kalenda za makanisa ya nchi ambazo hakuzijua. Jibu la swali alilitoa kwa miaka ya utumishi wake.

Mkewe alifariki, naye hakuoa tena. Wakati huo Kanisa la Buganda lilikuwa limewaka moto wa kutuma watu. Mwaka 1893, George Pilkington, mtafsiri wa Biblia, aliongoza uamsho mkubwa, na mwaka huo huo Askofu Alfred Tucker akawapa ushemasi Waganda wa kwanza. Namirembe, kilima cha kanisa kuu, kikawa kama kituo cha kuagia. Walimu waliondoka wawili wawili na vitabu mkononi, wakaenda Busoga, Bunyoro, Ankole na Toro. Apolo alitumwa Toro mwaka 1895, mwaka wa ubatizo wake.

Hapa lazima niseme lisilopendeza. Walimu hao hawakuwa Waganda pekee waliokuwa wakitoka. Machifu Waganda walitoka pia, wakiwa na bunduki na nguvu ya Waingereza nyuma yao, wakateka nchi za jirani na kutoza kodi. Semei Kakungulu aliteka sehemu kubwa ya mashariki kwa namna hiyo, naye alikuwa msomaji. Mkulima wa Bunyoro au wa Toro aliyemwona Mganda mgeni akija na kanzu nyeupe hakuwa na njia ya kujua kama huyu amekuja kufundisha au kutawala. Wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Anayetaka kuelewa yaliyompata Apolo Mboga na auweke wasiwasi huo mbele ya macho yake.

Mboga

Mboga iko juu ya ukingo wa magharibi wa bonde la Semliki. Watu wake walisema Kinyoro, na mtawala wao aliitwa Tabaro. Nyuma ya vilima vyao vya malisho unaanza msitu mkubwa wa Ituri, unaokwenda magharibi siku baada ya siku.

Walimu waliotangulia kufika walishindwa. Tabaro aliona hana sababu ya kuwalisha watu wanaowafundisha raia wake kumsikiliza bwana mwingine, na njaa ikawaondoa. Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo akajitolea kwenda. Alijua walichokipata wenzake. Alikwenda akijua atakula kwa jasho lake.

Mafundisho yake hayakuwa matamu. Alikemea pombe, alikemea hirizi na ramli, alikemea kuoa wake wengi, na alifundisha kusoma hata watu wadogo wasio na cheo. Kila moja ya hayo liligusa nyumba ya mtawala. Tabaro aliwakataza watu wasimsaidie. Kibanda cha ibada kilichomwa, na yeye akapigwa. Wachache waliokuwa wakija kusoma walikuja kwa siri.

Kisha likatokea la kutokea. Siku moja katika shughuli za ujenzi, mwanamke mmoja wa nyumba ya Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichwa na nyasi, akafa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji. Alikamatwa, akarudishwa ng'ambo ya bonde hadi Toro kwenye boma la Waingereza, akawekwa gerezani. Mwalimu aliyetoka Buganda kufundisha rehema akawa mfungwa wa mauaji mbele ya maofisa wa serikali ambayo watu walidhani ndiyo iliyomtuma. Hatimaye alionekana hana hatia, akaachiwa.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku zile za dhiki alimwona Kristo, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Msomaji ana uhuru wa kulipokea jambo hilo kwa imani yake. Mimi nasema hili: mtu aliyekuwa na kila sababu ya kubaki Toro, au kurudi Ssingo akalime shamba la ukoo wake, alirudi Mboga. Tangu siku hizo hakuonekana tena akiogopa kupoteza chochote, na hata Tabaro alianza kumtazama kwa jicho jingine. Mtawala aliyempiga marufuku alikuja kubatizwa kwa mikono ya Kanisa lile lile, akaitwa Paulo. Jina hilo nalo lina maana yake, maana Paulo wa Biblia aliwahi kulitesa Kanisa.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi iliyofuata Kanisa lilimtumia Toro, akihudumia vijiji vya chini ya Rwenzori, akibatiza, akizika, akiwaandaa walimu wapya. Daudi Kasagama, mfalme wa Toro, alikuwa amebatizwa mwaka 1896, na Ukristo ulienea huko kwa kasi. Palikuwa mahali pazuri pa kuzeekea kasisi. Ila macho yake yalibaki ng'ambo ya bonde.

Mstari juu ya karatasi

Wakati Apolo akiwa Toro, Mboga iliguswa na mkono ambao watu wake hawakuuona. Serikali za Ulaya zilikuwa zikigawana nchi ya maziwa makuu. Kwa muda ilidhaniwa kuwa Mboga ni ya Uganda, na Kanisa la Uganda lilikwenda huko kwa dhana hiyo. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza na Ubelgiji walikubaliana Brussels, tume za wapimaji zikafuata, na mwaka 1915 mkataba wa London ukakamilisha kazi. Sehemu ya mto Semliki ikawa mpaka. Mboga ikabaki upande wa magharibi, ikawa ya Kongo ya Wabelgiji.

Hebu fikiria maana yake kwa mkulima wa Mboga. Lugha yake, ndoa za watoto wake na ng'ombe wa mahari vyote vilikuwa vikivuka bonde kwenda Toro na Bunyoro. Askofu wake alikuwa Namirembe. Sasa serikali yake ilikuwa ya Wabelgiji, waliotumia Kifaransa na waliowapendelea wamisionari wa Kikatoliki kutoka kwao. Kanisa la Kianglikana la Mboga likageuka kisiwa kidogo ndani ya koloni kubwa lisilolijua.

Mtu mwenye busara ya ofisi angesema kazi ile ifungwe, au ikabidhiwe kwa wengine. Apolo alirudi huko karibu na wakati ule ule mpaka ulipothibitishwa. Alikuwa amepita miaka 50. Akavuka bonde akaenda kukaa na watu waliokuwa wamekatwa na mstari, akawa kasisi wa Uganda katika nchi ya Wabelgiji, akiwa na cheti cha Namirembe na bila jeshi la kumlinda.

Kukaa ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa. Maaskofu hupanga, wamisionari hubadilishwa vituo, maofisa wa serikali huhamishwa kila baada ya miaka michache. Mtaa wa kanisa hujengwa na anayebaki. Apolo aliishi nyumba ya miti na nyasi kama jirani zake, akalima, akawalea watoto wengi wasio wake nyumbani kwake. Baadhi ya watoto hao wakawa walimu na wachungaji. Alitembea kijiji kwa kijiji akiwauliza wasomaji herufi zao. Jioni aliandika shajara yake kwa Kiluganda, lugha ya nyumbani alikotoka, ilhali mchana wake wote aliutumia katika Kinyoro cha nyumbani alikochagua.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Jengo jipya la matofali mekundu lilikuwa limekamilika miaka mitatu tu kabla, baada ya lile lililotangulia kupigwa na radi na kuungua mwaka 1910. Kuwa kanoni ni kupewa kiti ndani ya kanisa kuu. Apolo alikipokea kiti, kisha akarudi Mboga kukaa kwenye mkeka.

Watu wa msitu

Mwaka 1921, alipokuwa na miaka zaidi ya 55, alianza kazi ambayo wengi waliiona haina maana. Magharibi ya Mboga, ndani ya msitu wa Ituri, waliishi Wambuti, watu wa kimo kifupi wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya asali na matunda ya porini. Wazungu waliwaandika kama maajabu. Majirani zao Waafrika waliwadharau, wakawafanya kama mali ya kurithishana, na lugha yetu ya Kiswahili nayo ina neno la dharau juu yao ambalo sitaliandika hapa.

Apolo aliingia msituni kuwafuata walikokuwa, akalala kwenye kambi zao, akajitahidi kujifunza lugha yao. Aliwaendea watu wanaohamahama akiwa na dini iliyozoea kujenga kuta, hivyo ilimbidi atembee nao. Alianza kazi ya kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Archdeacon Albert Lloyd, mmisionari wa Kiingereza aliyemfahamu tangu siku za Toro, aliandika vitabu vidogo juu yake vilivyosomwa sana Uingereza katika miaka ya 1920, na wasomaji wa huko wakamjua Apolo.

Vitabu hivyo vina upendo, ila pia vina desturi ya wakati wao: Mwafrika mwema husifiwa kama tunda la bustani ya mmisionari. Ukweli wa Mboga unaonyesha vingine. Kanisa la kwanza la Kianglikana katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lilipandwa na walimu wa Kiafrika, likatunzwa na kasisi wa Kiafrika, na Mzungu alikuwa mgeni wake. Kwa kipindi kirefu cha miaka ya Apolo hapakuwa na mmisionari wa Ulaya anayeishi Mboga. Waumini walimjua askofu kwa jina. Kasisi walimjua kwa nyayo zake.

Kichwa upande wa magharibi

Alipougua na kujua kwamba siku zake zimekaribia, alichagua kufia Mboga. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933, akiwa na umri wa karibu miaka 69. Kabla ya kufa aliagiza jambo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kuelekea mashariki, na kwa Mganda mashariki ya Mboga ndiko nyumbani. Apolo aliomba kichwa chake kiwekwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa haijafika huko. Wakamzika hivyo.

Kanisa aliloliacha halikufa naye. Wanafunzi wake waliendelea kusonga magharibi na kusini. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi mpya, na askofu wake wa kwanza alikuwa Philip Ridsdale. Mwaka 1992 Waanglikana wa Kongo, ambao awali walikuwa wamehesabiwa pamoja na Uganda kwa miongo mingi, wakawa jimbo linalojitegemea, na askofu wa Boga, Byankya Njojo, akawa askofu mkuu wao wa kwanza. Kanisa kuu la Boga linaitwa kwa jina la Apolo.

Na hapa Kiswahili kinarudi. Kwa muda mrefu ibada za Boga zilifanywa kwa Kinyoro. Watoto wa Boga walipohamia Bunia, Beni na miji mingine kutafuta shule na kazi, waliabudu na watu wa makabila mengine, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lugha ambayo wasomaji wa kwanza wa Mengo waliisomea Injili ikawa tena lugha ya kuisomea Injili upande wa pili wa Semliki, miaka 100 baadaye. Askari wanaoizungumza langoni Mbuya wanapovuka mpaka huikuta imefika kabla yao, ikiimba.

Nchi hiyo leo ina majeraha. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, siku moja baada ya kumbukumbu ya kifo cha Apolo, washambuliaji waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50, wakiwemo wakimbizi waliokuwa wamekwisha kukimbia mara moja. Maelfu walihama tena. Nayataja hayo ili asiwepo mtu wa kuisoma sura hii kama hadithi ya kale iliyokwisha vizuri. Watu wa Boga wanawajua wageni wa siku mbili: wenye silaha wanaoua, wenye silaha wanaokuja kulinda, wenye magari meupe wanaokuja kuandika ripoti. Wanapomtaja Apolo humtaja kwa sababu alibaki.

Miaka yake ya utumishi, tangu Toro mwaka 1895 hadi kaburini mwaka 1933, ni 38. Hakuacha jengo la mawe wala mali. Tunayajua maisha yake kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuandika kila jioni, na kwa kuwa wengine waliona yafaa kumwandika. Makasisi, walimu na masheikh wengi waliokaa miaka 30 au 40 katika kijiji kimoja hawakuwa na bahati hiyo. Walibatiza au wakafundisha alifu, wakasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, wakazika watu wa vizazi vitatu vya nyumba moja, kisha nao wakazikwa na majina yao yakaanza kufutika.

Nawe msomaji, kama kwenu yupo mzee wa namna hiyo, awe Mwanglikana, Mkatoliki au Mwislamu, mwendee wiki hii na daftari. Muulize alifika lini, alimkuta nani, aliyemkataa ni nani na aliyempa chakula siku ya kwanza ni nani. Andika majina na miaka, kwa lugha anayoisema yeye. Usingoje mazishi ndipo uulize.